Waliozikuta Kuta za Thimlich

Mlango wa Kochieng haumruhusu mtu mzima kupita akiwa wima. Sharti ainame, atangulize kichwa, aache shingo wazi, huku mikono ikitafuta pa kushika kwenye mawe ya pembeni. Waliokuwa ndani walitaka iwe hivyo. Hatua chache kutoka mlangoni, upande wa ndani, palikuwa na kibanda cha walinzi, na aliyekuja kwa shari alikuwa amekwisha kujikabidhi kabla hajainua macho. Aliyekuja kwa heri naye aliinama vilevile.

Kochieng ndilo boma kubwa kuliko yote katika Thimlich Ohinga, makazi ya kale ya mawe yaliyoko Nyatike, Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, upande ambao nchi inaanza kuelekea Ndhiwa na Homa Bay. Jina ni la Kidholuo, lugha ya Waluo. Thim ni pori, lich ni la kutisha. Ohinga, ambalo wingi wake ni ohingni, ni boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Pori la kutisha, na ndani yake watu wamejifungia na ng'ombe wao.

Karibu na Kochieng yapo mengine matatu: Kakuku, Koketch na Koluoch. Anayesikia Kidholuo ataona mara moja kwamba haya ni majina ya watu. Ile "ka" ya mwanzo hufanya kazi ya "kwa" ya Kiswahili, nayo ikikutana na jina linaloanza kwa "o" humezwa: Kochieng ni kwa Ochieng, Koketch ni kwa Oketch, Koluoch ni kwa Oluoch. Lakini hao hawakuwa waliojenga. Ni wenye miji waliokaa humo mwishoni, vizazi vingi baada ya jiwe la kwanza kuwekwa. Boma limebeba jina la aliyelitunza mwisho, na hapo ndipo historia ya Thimlich inapaswa kuanzia, ingawa mara nyingi huanzia kwingine.

Kwingine huko ni swali ambalo kila mgeni huja nalo: nani alijenga?

Kabla ya kulifikia swali hilo, inafaa kuutazama ukuta wenyewe. Kuta za Thimlich zina kimo cha kuanzia mita 1 hadi zaidi ya 4, na unene wa mita 1 hadi 3. Katikati ya mawe hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikisha, hakuna chochote. Wala mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo kwenye vilima vya karibu, ambako hadi leo yametapakaa juu ya ardhi, yakapangwa jinsi yalivyokubali kupangika.

Siri iko katika upangaji huo. Fundi hakujenga ukuta mmoja; alijenga sehemu tatu kwa pamoja. Upande wa nje alipanga mawe makubwa, nyuso zake zilizo bapa zikitazama nje. Upande wa ndani alifanya vivyo hivyo. Katikati ya pande hizo mbili alijaza mawe madogo madogo, akiyasukumiza kwenye kila mwanya hadi yakabanana. Mawe makubwa huubeba ukuta, lakini madogo ndiyo huyazuia makubwa yasiteleze. Uzito wa safu ya juu hukandamiza ya chini, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ukuta unavyojikaza zaidi. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya mawe na kuondoka. Hayana mahali pa kukusanyika wala pa kusukuma.

Jambo la pili ni mpindo. Ukitembea kandokando ya Kochieng hutakuta ukuta ulionyooka kwa umbali mrefu. Unajikunja, unatoka nje kidogo, unarudi ndani, unazunguka. Ukuta wa mawe makavu ulionyooka kama rula unaweza kulalia upande wowote, kwa sababu haushikwi na kitu. Ukipinda, unajishika wenyewe, kama karatasi iliyokunjwa inavyoweza kusimama juu ya meza wakati ile iliyonyooka inaanguka. Palipohitaji nguvu zaidi, wajenzi waliongeza kiegemeo cha mawe kwa nje. Juu ya milango walilaza mawe marefu yanayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hayo ndiyo yanayobeba mzigo wa ukuta hadi leo. Baadhi ya mawe karibu na malango yana alama zilizochorwa kwa kuchongwa.

Ndani ya boma kubwa kuna maboma madogo. Kuna vijia vyembamba kati ya kuta, mazizi ya mifugo, na mabonde madogo ya mviringo ardhini yanayoonyesha nyumba zilikosimama. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo, miti na nyasi, na zimekwisha zamani. Jiwe limebaki likishika umbo la mji ambao mwili wake umeoza. Karibu na lango kuna mawe yaliyoinuliwa, ambapo mlinzi aliweza kupanda na kuona boma zima na nchi ya nje. Kaskazini, nje ya ukuta, kuna alama za kazi ya chuma. Waliochimba hapa kwa ajili ya utafiti wameokota vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, mifupa ya mifugo, na shanga za kioo zilizotoka mbali. Shanga moja ya kioo katika boma la Nyatike inatosha kuonyesha kwamba watu hawa walijilinda dhidi ya wavamizi bila kujitenga na biashara ya dunia.

Wakenya wa pwani wamezoea jiwe la aina nyingine. Gedi na Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa. Jiwe la bahari ni laini likiwa bichi, hukatwa kwa msumeno au shoka, na chokaa hulifunga likawa kitu kimoja na mwenzake. Fundi wa Nyatike hakuwa na matumbawe wala tanuri la chokaa. Alichokuwa nacho ni mawe magumu yasiyokubali patasi, mikono ya jamaa na majirani, na muda. Ndugu yake wa karibu katika ufundi yuko kusini zaidi, kule Zimbabwe Kuu, ambako mababu wa Washona walipanga matofali ya itale bila chokaa kati ya karne ya 11 na ya 15. Hata hivyo itale ya Zimbabwe hupasuka kwa tabaka zilizonyooka, na fundi wake aliweza kuyalinganisha mawe safu kwa safu. Ya Nyatike hayana safu. Kila moja lina umbo lake, na kulipatia mahali pake ni hesabu mpya kila mara.

Hapo Zimbabwe ndipo swali la nani alijenga lilipoharibika. Wakoloni walipoyaona yale magofu walikataa kuamini kwamba Mwafrika angeweza kuyasimamisha. Wakataja Wafoinike, wakataja Malkia wa Sheba, wakataja kila mtu isipokuwa wenyeji. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha kwamba kazi ile ni ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Bado uongo ule uliendelea kufundishwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu anapouliza kuhusu Thimlich, ana haki ya kujibiwa kwa uwazi: ni kazi ya watu wa nchi hii ya ziwa, kwa mikono yao, kwa mawe yao.

Ila ndani ya Kenya swali limepata sumu nyingine. Wataalamu wanakisia kwamba kuta za kwanza ziliinuliwa yapata karne ya 16, na wengi huzihusisha na jamii za Kibantu zilizokuwapo kabla Waluo hawajaenea kusini mwa Ghuba ya Winam. Waluo wenyewe walitoka mbali, pande za Bahr el Ghazal katika Sudan Kusini ya leo, wakashuka kupitia Uganda kwa vizazi kadhaa. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliikusanya safari hiyo kutoka vinywani mwa wazee na kuichapisha mwaka 1967. Basi hutokea ubishi: je, Thimlich ni ya Wabantu au ni ya Waluo? Kila upande huvuta jiwe kwake.

Ukuta unakataa kugawanywa hivyo. Boma la mawe makavu halidumu miaka 400 kwa sababu lilijengwa vizuri siku moja. Mbuzi anaruka juu ya ukuta, jiwe linadondoka. Mti unaota kwenye mwanya, mizizi inasukuma. Ng'ombe wanajikuna. Pasipokuwa na mtu wa kurudisha jiwe mahali pake, mwanya wa leo ni shimo la kesho kutwa, na baada ya kizazi kimoja ukuta ni rundo. Thimlich imesimama kwa sababu kila waliofika waliikuta, wakaikubali, wakaitengeneza. Koo za Waluo zilizoingia na kutoka humo, wakiwemo watu wa Kadem na wa Kabwoch, zilirekebisha kuta walizozikuta, zikaongeza nyingine, zikahamisha malango, na kupanga nyumba kwa desturi zao. Hawakubomoa kazi ya waliowatangulia ili waweke yao. Katika historia ya watu wanaohamahama na kugombania malisho, hilo ni jambo kubwa, na linastahili sifa kuliko linavyopewa.

Dunia ina mifano mingine ya namna hii. Katika kisiwa cha Bornholm nchini Denmark kuna makanisa manne ya mviringo ya karne za kati, yaani Østerlars, Nylars, Olsker na Nyker. Ni makanisa ya parokia za wakulima, yaliyojengwa kwa mawe ya huko huko kisiwani. Kuta zake ni nene na madirisha yake ni madogo, kiasi kwamba wengi wanaamini yalikuwa pia mahali pa kukimbilia wavamizi walipotokea baharini. Waliojenga walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1536 Denmark ikageuka kuwa ya Kilutheri, na tangu hapo Walutheri ndio wanaosali humo, wanaopaka kuta chokaa, wanaotengeneza paa. Ni vigumu kumkuta mwana Bornholm anayesema kanisa lile si lake kwa kuwa babu yake aliyelijenga alisali kwa Kilatini.

Turudi Nyatike. Mawe ya Thimlich yalilinda nini hasa? Jibu fupi ni ng'ombe. Eneo hili lilikuwa njia panda ya jamii nyingi, na uvamizi wa mifugo ulikuwa hatari ya kila msimu. Usiku ng'ombe waliingia zizini katikati, nyumba zikazunguka, na ukuta ukazunguka nyumba. Simba na fisi, ambao ndio sehemu ya "kutisha" katika jina la mahali, walizuiwa na ukuta uleule. Mji uliweza kukusanya familia nyingi za ukoo mmoja, au hata koo zilizoungana kwa hofu moja, na kazi ya ukuta ilikuwa ya wote. Kuinua mita tatu za mawe kuzunguka mji mzima ni kazi isiyowezekana kwa mtu na wanawe pekee. Anayeutazama ukuta mrefu anatazama pia mamlaka: palikuwa na wazee waliosema leo tunabeba mawe, na watu wakabeba.

Mtu asidhani Thimlich ilikuwa peke yake. Mwaka 1967 jarida la Azania lilichapisha makala ya Lofgren kuhusu majengo ya mawe ya Nyanza Kusini, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Migori na Homa Bay zote mbili. Baadaye Isaya Onjala, mwanaakiolojia aliyeichukua kazi hii kama ya maisha yake, alipita nchi hiyo na kuorodhesha maeneo 138 yenye maboma ya mawe 521. Hayo yametawanyika kutoka Karungu na Kadem hadi Gwassi na Kanyamwa, kando ya ziwa na kwenye miinuko. Mengi sasa ni mistari ya mawe kwenye nyasi. Thimlich ndiyo iliyobaki kubwa na kamili kuliko zote, lakini ilikuwa mji mmoja katika nchi nzima ya miji ya mawe. Kanyamwa, iliyo upande wa Ndhiwa, ndiyo nchi ya Gor Mahia, yule mganga mashuhuri ambaye klabu ya mpira iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina lake. Mashabiki wanaoimba jina hilo uwanjani Nairobi wanalitaja jina lililotoka katika nchi ya ohingni.

Pale ambapo mawe hayakupatikana kwa wingi, Waluo walitumia udongo. Walichimba handaki kuuzunguka mji na kurundika udongo wake kuwa tuta la kinga. Mji wa namna hiyo uliitwa gunda bur, na mabaki yake yapo sehemu mbalimbali za Nyanza. Baadaye ukaja ua wa mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe ambao Waluo huuita ojuok, na mahali pengine mti wa bondo wenye matawi kama kinara. Jiwe, tuta, ua wa mmea: vitu vimebadilika, umbo limebaki. Mviringo, lango, zizi, nyumba zikijipanga kwa heshima ya ukubwa. Mikayi, yaani mke wa kwanza, nyumba yake ikitazamana na lango. Simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, zikiwa karibu na lango lenyewe. Mzee wa Nyatike anayejenga dala, yaani boma la familia yake, leo kwa matofali na mabati bado anaufuata mpango ambao unaweza kusomwa kwenye mabonde ya nyumba mle Kochieng.

Kilichowatoa watu ndani ya kuta hakikuwa vita. Kilikuwa kukoma kwa vita. Mwaka 1902 nchi hii ilihamishwa kutoka Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Uingereza. Waingereza walifungua kituo Karungu, kando ya ziwa, kabla ya kuyahamishia makao yao Kisii. Wakaleta kodi ya kibanda, wakateua machifu, wakazuia uvamizi wa mifugo kwa bunduki. Amani hiyo ilikuwa na bei yake, na Waluo waliilipa kwa ng'ombe, kwa fedha na kwa vijana waliopelekwa kufanya kazi mbali. Lakini kwa upande wa makazi matokeo yalikuwa wazi: hapakuwa tena na sababu ya familia nyingi kubanana ndani ya ukuta mmoja.

Desturi nayo ilisukuma upande huohuo. Mwanamume Mluo aliyekomaa hutoka katika dala ya baba yake kwenda kuanzisha yake. Hutoka alfajiri pamoja na mke wa kwanza na mwanawe mkubwa, na jogoo mkononi. Wakati wa hatari, desturi hiyo ilibanwa na ukuta. Mtu aliyehamia porini peke yake alikuwa chakula cha wavamizi. Hatari ilipopungua, kila mtu alitoka na jogoo wake. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wa mwisho waliondoka Thimlich wakaenda kuishi palepale karibu, kwenye dala za ua wa mmea, huku kuta zikibaki nyuma yao. Mji ukawa gunda, mahali pa kale pa watu, ambapo kwa Mluo si mahali patupu: ni ushahidi wa nani alikaa wapi.

Huenda hilo ndilo lililoziokoa kuta. Kwingineko mawe ya ohingni yalichukuliwa, jiwe moja moja, kwa matumizi mengine, na hakuna wa kumlaumu mtu anayejenga nyumba kwa kitu kilicho karibu. Thimlich ilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa mwaka 1981 na kuwekwa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2000 Mfuko wa Dunia wa Makumbusho uliiweka katika orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini, na kazi ya kuzirekebisha sehemu zilizoporomoka ikapata nguvu. Mwaka 2018, katika kikao cha 42 cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa ya 7 kwa Kenya, ikitanguliwa na sehemu kama Mji wa Kale wa Lamu, Kaya za Wamijikenda na Fort Jesus. Hekta 21 za vilima vya Nyatike zikakaa orodha moja na piramidi za Misri.

Heshima hiyo imekuja na swali la vitendo, na ndilo linalomhusu fundi kuliko mwanahistoria. Ukuta ukianguka, unarudishwaje? Kishawishi cha saruji ni kikubwa. Saruji ni ya haraka, na macho ya leo huiona kuwa ndiyo nguvu. Lakini ukuta wa mawe makavu huishi kwa kusogea kidogo: jua linautanua, mvua inaupoza, mawe yanakaa upya. Ukimwaga saruji katikati, unaunda kipande kigumu ndani ya mwili unaopumua, maji yanakosa njia, na sehemu za pembeni ndizo zinazoanza kufa. Kwa hiyo kazi ya kurekebisha inabidi ifanywe kwa mpango ule ule wa pande mbili na kiini cha mawe madogo, na watu wanaofaa kuifanya ni wenyeji wa hapo, waliokulia kati ya mawe haya.

Miti nayo ina kesi yake. Mizizi inayoubana ukuta upande mmoja huupasua upande mwingine. Ukikata mti wote ghafla, mizizi inaoza na kuacha tundu, ukuta unazama. Ukiuacha, unaendelea kusukuma. Inabidi kila mti uamuliwe kivyake, kwa kutazama ulipo na ukubwa wake, na kazi hiyo haina mwisho, kama ambavyo haikuwa na mwisho kwa watu wa Kadem wala kwa waliowatangulia.

Mtu anayerudisha jiwe ukutani huanza kwa kulishika mikononi na kuligeuza. Analiweka, linacheza. Analitoa, analigeuza upande wa pili, analiweka tena. Safari ya tatu au ya nne linakaa, na anaposukuma kwa kiganja halitikisiki. Kisha anainama kutafuta chini jiwe dogo, la kujaza mwanya uliobaki nyuma yake.